Anza na Nyasi: Kwa Wanaoingia Ufugaji wa Ng'ombe wa Nyama na Kondoo Laikipia

Wanaotaka kuanzisha ranchi huku kwetu huuliza kwanza habari za mbegu: ng'ombe wa Boran au wa Sahiwal, kondoo wa Dorper au mwekundu wa Kimaasai. Swali hilo ni zuri, ila linatanguliwa na jingine: kuanzia vuli zinapokwisha mwezi wa Desemba hadi masika ya Aprili, mifugo hiyo itakula nini?

Jibu lake hutolewa na mizani, wala si macho. Mvua zikiisha, chagua mahali kadhaa shambani, pima mraba wa mita moja kila upande, kata nyasi zote zilizomo, zianike zikauke kabisa, kisha zipime. Gramu 100 katika mraba mmoja ni sawa na tani moja kwa hekta. Ng'ombe wa kilo 350 hula takriban kilo 9 za nyasi kavu kwa siku. Kwa hiyo ng'ombe 100 watamaliza tani 108 katika siku 120 za kiangazi. Nusu ya nyasi zilizosimama usiihesabu, kwa kuwa ndiyo inayoukinga udongo na kuchipua mvua zikirudi. Shamba lenye tani moja kwa hekta litahitaji basi hekta 216 kwa ng'ombe hao peke yao, kabla hujaingiza kondoo hata mmoja, na kila kondoo sita wakubwa hula karibu sawa na ng'ombe mmoja.

Hesabu ikionyesha upungufu, uza Desemba hiyo hiyo, maksai wakiwa bado wamenona. Anayengoja Machi hupeleka mifupa sokoni, tena siku ambayo majirani zake wote wamepeleka yao. Tangu mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, na mpango uliotegemea msimu ujao haukuwa mpango.

Kufuga aina mbili pamoja kuna faida, kwa sababu ng'ombe huzoa nyasi ndefu kwa ulimi ilhali kondoo huchagua fupi, na minyoo mingi ya kondoo haistawi ndani ya ng'ombe mkubwa. Kwa hiyo ng'ombe wakipitishwa mahali walipolishwa kondoo, hupunguza mabuu ya minyoo yaliyobaki majanini. Mnyoo wa kuogopwa zaidi ni yule anyonyaye damu tumboni, Haemonchus contortus. Mshike kondoo, funua kope la chini: likiwa jekundu, mwache, likiwa jeupe, mpe dawa, akiwa na uvimbe chini ya taya, umechelewa. Desturi ya kunywesha kundi zima dawa kila mwezi huzalisha minyoo sugu, na mimi naiona kuwa ubadhirifu unaoitwa bidii. Kondoo anayerudia kuwa na kope nyeupe aondolewe kwenye uzazi. Kondoo mwekundu wa Kimaasai huvumilia mnyoo huyu kuliko Dorper, jambo lililothibitishwa na utafiti uliofanywa Diani, na kwa mwenye wafanyakazi wachache ningependekeza chotara wa hao wawili.

Kondoo huzaa baada ya kubeba mimba miezi mitano hivi. Ukiwaingiza madume mwishoni mwa Novemba, wanakondoo watazaliwa mwishoni mwa Aprili, nyasi zikiwa zimeshachipua. Wanaozaliwa katika mvua baridi za mwanzo hufa kwa urahisi.

Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza pia watu, ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1931 katika shamba la kondoo karibu na Naivasha, na hadi leo huzuka baada ya mvua za mafuriko. Chanja mapema, kwa ushauri wa daktari wa mifugo, kwa kuwa chanjo hai ya zamani inaweza kumharibia mimba kondoo. Kondoo wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja, mfanyakazi asiguse kitu bila glavu, na nyama isiliwe.

Kuogesha ng'ombe dhidi ya kupe waletao ugonjwa wa ndigana kali hufanywa kila wiki mahali penye hatari, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na maji ya josho yasimwagwe yanakoweza kufika mtoni. Ewaso Ng'iro hutoka kwetu ikaenda Samburu na Isiolo. Chimba bwawa, ulijaze wakati wa mafuriko, ili Februari, mto ukiwa umekonda, pampu yako iwe imezimwa.