Nimemficha daktari kwamba niliacha dawa

SWALI: Daktari, miezi 2 iliyopita niliambiwa nina sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), nikaandikiwa vidonge vya kila siku. Wiki ya kwanza nilipata kichefuchefu na kukosa usingizi, wala sikuona nafuu, hivyo siku ya 10 nikaviacha. Niliporudi kliniki, daktari wangu wa magonjwa ya akili aliuliza kwa haraka kama natumia dawa, nikaitikia, naye alipoona sijapata nafuu akaongeza dozi. Sasa naona aibu kurudi. Nina haki ya kutarajia nini kwake, na yeye kwangu?

JIBU: Ndugu msomaji, rudi, na umweleze ukweli huo kabla ya jambo lingine lolote. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha sonona ilivyo nzito. Tunachotegemea zaidi ni maneno ya mgonjwa mwenyewe na yale tunayoyaona kwake, na maneno hayo yakipinda, kila uamuzi unaofuata hupinda nayo, kama ilivyoongezwa dozi ya dawa usiyoimeza. Usianze dozi hiyo kubwa kabla hamjazungumza.

Hata hivyo, kosa hili si lako peke yako. Ulistahili kuelezwa tangu siku ya kwanza kwamba dawa nyingi za sonona huleta maudhi madogo madogo ndani ya siku chache, ilhali nafuu huweza kuchukua wiki 4 hadi 6 kuonekana vizuri, na mgonjwa asiyeambiwa hivyo hawezi kulaumiwa akidhani dawa inamdhuru bila kumsaidia. Ulistahili kujua pia kwamba tiba ya mazungumzo ipo, kwamba dawa huendelezwa kwa kawaida angalau miezi 6 baada ya kupata nafuu, na kwamba huachwa kwa kupunguzwa kidogo kidogo. Hata swali lake halikukusaidia. Mgonjwa akiulizwa "Unatumia dawa?" huona njia moja tu ya heshima, ambayo ni kuitikia, lakini akiulizwa ni siku ngapi wiki hii ameshindwa kumeza, huweza kujibu bila kuaibika, na natamani sisi madaktari sote tuulize hivyo.

Kuhusu siri, tarajia aitunze, isipokuwa pale uhai wako au wa mtu mwingine unapokuwa hatarini, na mpaka huo akueleze mapema.

Nenda na karatasi yenye tarehe uliyoanza, tarehe uliyoacha na kila ulichokihisi, pamoja na dawa nyingine au pombe unayotumia, ili daktari ajue la kufanya, kwani kichefuchefu mara nyingi hupungua chenyewe, au dawa hubadilishwa. Yakikujia mawazo ya kujiua, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na iwapo utasema kweli, naye akakufokea badala ya kukusikiliza, una haki ya kuomba daktari mwingine.