Kabla hujachomeka flashi: kwa mafundi wapya, kuhusu skrini ya BitLocker

Jumamosi nimerudi kaunta nikakuta vijana wetu wawili wa field wameinamia laptopu ya mteja. Skrini ya bluu, BitLocker, ile kinga ya Windows inayoifunga diski isisomeke bila ufunguo, inadai ufunguo. Mmoja anabahatisha namba, mwenzake kishachomeka flashi, yuko tayari kupiga Windows upya. Mteja yuko nje anakunywa soda, hajui kwamba kabla hajaimaliza chupa kila alichonacho kitakuwa kimefutika. Niliwapigia kelele. Kwa kelele nawaomba radhi, kwa nilichosema hapana, na ndicho ninachokiandika hapa ili na ninyi wengine mnaoanza mkisome kabla hamjashika mashine ya mtu.

1. Ukiiona skrini hiyo, toa mikono kwenye kibodi, piga picha kwa simu. Pale pana kitambulisho cha ufunguo. Herufi na tarakimu 8 za mwanzo ndizo zinazokuonyesha ufunguo upi ni wa diski ipi, maana mteja anaweza kuwa na funguo nne kwenye akaunti moja. Ufunguo wenyewe una tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu sita sita. Haubahatishwi, mdogo wangu. Hata ukianza leo ukawaachia wajukuu wamalizie, haubahatishwi.

2. Uliza kilichobadilika. Chipu ya TPM, kile kipande cha ulinzi ndani ya mashine kinachotunza ufunguo, hutoa ufunguo pale tu mashine inapowaka vilevile ilivyoizoea. BIOS (programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows) ikisasishwa, mazabodi ikibadilishwa, Secure Boot (kinga inayokagua kinachoiwasha mashine) ikizimwa, au betri ndogo ikafa na mipangilio ikarudi ya kiwandani, chipu inagoma. Mwezi uliopita nililetewa moja ambayo fundi mwingine alizima Secure Boot ili aiwashe kwa flashi. Nikairudisha, ikawaka yenyewe bila kudai chochote. Dada wa watu alikuwa keshaanza kulia.

3. Tafuta ufunguo. Laptopu ya binafsi, mteja aingie kwa simu yake kwenye akaunti yake ya Microsoft, aka.ms/myrecoverykey. Ya kazini au chuoni, apige simu kwa watu wao wa IT. Na usimuulize tu kama ana email. Muulize nani aliiwasha laptopu hii siku ya kwanza.

Hilo swali nimelilipia. Mwaka 2022 alikuja mwalimu wa sekondari, mama mtu mzima, anasoma shahada ya uzamili. Kanunua laptopu mpya, anataka aandaliwe. Windows 11 ile ya Home, inataka intaneti na akaunti. Nikamuuliza email, akasema anayo ila nywila hakumbuki, iko kwenye simu ya mwanawe. Foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia, "Usijali mama, nakutengenezea nyingine." Nikatengeneza pale pale, namba ya uthibitisho nikaweka ya laini ya duka, nywila nikaweka ninayojua mimi. Nikamwekea PIN ya tarakimu nne, akafurahi, akaondoka. Sikumwandikia kitu.

Sikujua nilichokifanya dakika ile. Laptopu nyingi za sasa husimba diski zenyewe, yaani huifunga kwa BitLocker, bila kuuliza, na ufunguo hupelekwa kwenye akaunti ya yule msimamizi aliyeingia kwanza. Kwa hiyo ufunguo wa mwalimu ulikwenda kukaa kwenye akaunti ambayo yeye hakuijua, na mimi baada ya wiki sikuikumbuka.

Ulipita mwaka na ushee. Akaja na laptopu kaifunga kwenye kanga. Mtu alimsafishia feni, akachomoa betri ya BIOS, na ilipowashwa ikaleta bluu. Ndani mlikuwa na mahojiano aliyoyarekodi kwa wavuvi wa Mafia, miezi mitatu ya kazi. Alirekodi kwa simu, akahamishia kwenye laptopu, akafuta kwenye simu ili apate nafasi. Nikamwambia ni jambo dogo. Naomba mzingatie hapo: nilimwambia ni jambo dogo kabla sijajua ufunguo uko wapi.

Nilihangaika siku tatu. Akaunti niliitambua kwenye daftari la kaunta, jina lake tu. Nywila zote nilizozoea zilikataa. Msimbo wa uthibitisho ulitumwa kwenye laini ya duka, na ile laini tuliiacha ikafungiwa, ikauzwa kwa mtu mwingine. Nilipiga, akapokea kijana nisiyemjua, akakata. Nikajaza fomu ya Microsoft ya kurejesha akaunti, wakakataa, kwani akaunti isiyotumika haina cha kuithibitisha. Na ufunguo ukipotea, wao wenyewe hawawezi kukutengenezea mwingine.

Nilimwita mwalimu nikamweleza yote, pamoja na kosa langu. Akaikodolea macho ile skrini.

"Kwa hiyo zimo humu ndani?"

"Zimo, mama."

"Na hazitoki?"

Diski ilikuwa nzima, haina hata alama moja ya ubovu. Hakukubali niifomati. Nilimnunulia diski nyingine kwa hela yangu, ile ya zamani akaiweka kwenye bahasha, akaniomba niandike juu zile herufi 8. Nikaziandika. Mkono ulikuwa unatetemeka.

4. Kabla ya kusasisha BIOS, simamisha ulinzi kwenye dirisha la amri (Command Prompt) ulilofungua kama msimamizi: manage-bde -protectors -disable C:, ukimaliza urudishe kwa amri ile ile, -enable badala ya -disable.

5. Mteja akikusomea ufunguo kwenye simu, kila kundi la tarakimu sita lazima ligawanyike kwa 11. Lisipogawanyika, amesoma vibaya, arudie.

6. Apdeti nazo huleta bluu hii. Ya Windows ya Julai 2024 iliwarusha wengi kwenye skrini hii bila wao kugusa kitu, ikarekebishwa Agosti. Kwa hiyo usimwambie mteja "umefanya nini?" kwa ukali.

7. Unapokabidhi laptopu mpya, akaunti iwe yake, hata kama mwanawe inabidi aitwe kutoka Mbagala na foleni isubiri. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C:, zile tarakimu 48 ziandike kwenye karatasi, umsomee, naye akusomee. Karatasi aende nayo nyumbani, aiweke na vyeti vyake. Isiachwe kwenye begi la laptopu, na ufunguo wa mteja usibaki dukani. Kwenye daftari letu andikeni zile 8 za mwanzo na email yake, basi.

Kwenye shelfu ya chini kuna laptopu tatu zilizoandaliwa wiki hii kwa akaunti ya duka. Nimeziona. Wenyewe wapigiwe simu kesho asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote.