Maswali ya Wasomaji: Kiwanja cha Kando ya Ziwa, Hati ya Lizi na Vyumba vya Kupangisha

Barua za mwezi huu zimetoka Entebbe, Jinja na vitongoji vyake, na karibu zote zinaanza na bei. Majibu yetu yanaanza kwingine: unauziwa haki gani juu ya ardhi hiyo? Hapa Uganda, watu wengi wanaopoteza fedha kwenye ardhi ya ufukweni huzipoteza kabla hata tofali la kwanza halijawekwa.

Nimeonyeshwa kibanja cha futi 50 kwa 100 huko Garuga. Ukisimama mlangoni ziwa liko mbele yako. Bei ni shilingi milioni 35, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, yuko tayari kupiga mhuri. Dalali anasema nisipolipa wiki hii kitakwenda. Nataka kujenga nyumba mbili ndogo za wageni. — Mama wa watoto wawili, Kajjansi

Mama, usilipe wiki hii. Hapo pana mambo mawili yaliyofichana, na kila moja peke yake linatosha kukumalizia akiba.

La kwanza ni ziwa lenyewe. Kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zimeweka eneo la hifadhi la mita 200 kando ya Ziwa Victoria, na zinapimwa kuanzia pale maji yanapofika yakiwa yamepungua kabisa. Si pale yanapoishia leo. Mita 200 ni zaidi ya futi 650, yaani viwanja sita na nusu kama hicho vikipangwa kwa urefu kutoka majini. Ardhi iliyo ndani ya mstari huo inaweza kuwa na mwenyewe, na anaweza kuwa na karatasi halali kabisa, lakini kujenga humo bila idhini ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ni kujenga kitu kinachoweza kubomolewa kwa gharama yako. Kwa kiwanja ambacho ziwa liko mlangoni, jibu karibu unalo.

Hata hivyo, pima. Nunua au azima tepu ya mita 50, nenda na mtu mwingine, mpime mara nne kutoka majini kuelekea kiwanjani. Mkifika mapema, tepu ya nne ikiwa bado mbali kwisha, acheni. Mkifika ikiwa imebaki kidogo tu, mwite afisa mazingira wa wilaya aje aone na aandike, kwa sababu mstari wake unaanzia mbali zaidi ndani ya maji kuliko mlipoanzia ninyi, na tofauti hiyo inaweza kukusaidia. Mkiwa hapo, angalieni mashina ya miti na kuta za majirani. Alama ya kahawia inayokwenda sawasawa ukutani, pamoja na mabaki makavu ya gugu maji yaliyonasa kwenye ua, inaonyesha ziwa lilikofika. Mei 2020 kipimo cha usawa wa ziwa kilichoko Jinja kilisoma mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964 iliyokuwa 13.41, na watu wa fukwe nyingi walihama. Mwaka 2024 maji yakapanda tena. Ziwa halijavamia, limerudi kwake.

La pili ni neno lenyewe, kibanja. Kibanja si hati. Ni haki ya kukaa juu ya ardhi ambayo hati yake anayo mtu mwingine, na sehemu kubwa ya Buganda hati hiyo ni ya mailo, mfumo uliotokana na mkataba wa 1900. Sheria inamlinda mwenye kibanja: hawezi kufukuzwa ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu ya kutolipa busuulu tu, yaani kodi ndogo ya kila mwaka kwa mwenye ardhi. Lakini akitaka kuuza, lazima ampe kwanza mwenye ardhi nafasi ya kununua. Akiuza kwa siri, tangu marekebisho ya 2010 hilo ni kosa, na mauzo yenyewe hayana nguvu. Kwa hiyo mhuri wa LC1 hautoshi. Mwenyekiti anashuhudia kwamba muuzaji anajulikana kijijini na kwamba mpaka ni huu. Hana mamlaka ya kukupa ardhi.

Ukipata kibanja kingine kilicho mbali na maji, fuata mpango huu. Uliza namba ya bloku na ploti ya ardhi mama, kisha ukafanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya kanda inayohusika, ujue mwenye hati ni nani na kama imewekwa rehani au ina zuio. Muone mwenye ardhi uso kwa uso, si wakala wake. Akubali kwa maandishi, na mkubaliane kanzu yake, yaani malipo anayopewa kwa kuridhia mauzo, kabla hujalipa bei. Dai risiti za busuulu za muuzaji. Kama muuzaji ana ndoa na ardhi hiyo ndiyo makazi au shamba linalowalisha, mwenzi wake lazima aridhie kwa maandishi; mauzo mengi huvunjikia hapo miaka mitatu baadaye. Zungukeni mipaka pamoja na majirani wote, mguu kwa mguu. Miti ya oluwaanyi iliyopandwa mpakani ni ushahidi unaoheshimiwa, lakini iangalie shina. Mti wa miaka mingi una shina nene lenye makovu, na uliopandwa mwezi jana bado udongo wake umechimbuka.

Neno moja juu ya ukubwa. Desimali ni sehemu moja ya mia ya ekari. Futi 50 kwa 100 ni desimali 11 na nusu, ingawa wauzaji huziita 12. Ukiambiwa bei kwa desimali, hesabu kilichopo ardhini.

Mzee mmoja anauza nyumba ya zamani katikati ya mji wa Jinja, ya kuta nene na baraza mbele. Ina hati ya lizi. Mimi na kaka yangu tunataka kuweka maduka mbele na vyumba nyuma. Tuangalie nini? — Msomaji, Walukuba

Ndugu zetu, katikati ya Jinja kuna historia ambayo ni lazima iwe mezani. Nyumba nyingi za aina hiyo zilijengwa na Waasia, na walipofukuzwa mwaka 1972 ziliingia mikononi mwa serikali. Sheria ya 1982 iliwapa wenye mali nafasi ya kuzirejesha. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumza bei, mwombeni mzee karatasi zinazoonyesha mnyororo wote: nani alikuwa mmiliki 1972, kama alirejeshewa ana cheti cha urejeshaji, na kama hakurejeshewa, bodi ya usimamizi wa mali hizo ilimuuzia nani na kwa hati gani. Kiungo kimoja kikikosekana, msijaze pengo kwa maneno ya mzee, hata kama ni mtu mwema. Baadhi ya nyumba hizi zimedaiwa na watu watatu kwa mpigo, kila mmoja na bahasha yake.

Kisha lizi. Isomeni yote, si ukurasa wa mbele. Tafuteni tarehe ya kuanza na idadi ya miaka. Lizi ya miaka 49 iliyoanza Julai 1989 inakwisha 2038. Hiyo si nyumba ya milele; mnanunua miaka iliyobaki, pamoja na matumaini ya kuongezewa. Ardhi ya mji hutolewa pia kwa lizi ya awali ya miaka 5 yenye sharti la kujenga, na asiyejenga anaweza kunyimwa nyongeza. Ulizeni kama kodi ya ardhi ya kila mwaka imelipwa, maana deni huandama ardhi, na kama mwenye ardhi lazima aridhie uhamisho.

Matumizi nayo. Kugeuza makazi kuwa maduka kunahitaji idhini ya kamati ya mipango ya jiji, na baada ya hapo kibali cha ujenzi hata kama kazi ni ya ndani tu. Kuta hizo nene mara nyingi ndizo zinazobeba paa, na udongo wa kati ya matofali unaweza kuwa wa chokaa badala ya saruji. Fundi akitoboa mlango mpana wa duka bila kuweka kwanza boriti na mihimili ya muda, nyufa hutoka kwenye pembe ya juu na kupanda kwa mshazari. Lipeni mhandisi siku moja kabla hamjampa fundi nyundo. Katika bei yenu, wekeni pia ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani, na kumbukeni kwamba mthamini wa serikali ndiye atakayesema thamani hiyo, si mkataba wenu.

Nina kiwanja chenye hati Katabi. Fundi anasema vyumba sita vyenye choo ndani vitakula milioni 120, na kila kimoja nitapangisha 300,000 kwa mwezi. Je, inalipa? Naweza kukopa nusu. — Mwalimu, Entebbe

Mwalimu, tupige hesabu. Vyumba sita kwa mwaka mzima ni milioni 21.6. Lakini kila chumba hukaa kitupu walau mwezi mmoja kati ya mpangaji na mpangaji, hivyo andika milioni 19.8. Kodi ya mapato ya pango kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya kila kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, na hairuhusiwi kutoa gharama. Hapo unalipa 2,037,600. Tenga asilimia 15 kwa rangi, mabomba, taka na mlinzi: 2,970,000. Unabaki na takriban milioni 14.8, na kodi ya majengo ya mji bado.

Sasa usisahau kiwanja. Kama kinauzika kwa milioni 40, fedha yako iliyolala pale ni milioni 160, na unapata kama asilimia 9.2. Ujenzi ukizidi kwa asilimia 20, jambo la kawaida sana, inashuka hadi 8. Linganisha na hati fungani za serikali ambazo Benki Kuu ya Uganda hutangaza matokeo ya minada yake, kisha jiulize kama kupanda kwa thamani ya ardhi kunafidia tofauti. Katabi inaweza kufidia, kwa sababu wanaopanga huko wanafanya kazi uwanja wa ndege na mjini, hawategemei msimu wa watalii.

Mkopo hapana. Milioni 60 kwa riba ya asilimia 18, mwaka wa kwanza riba peke yake inakaribia milioni 10.8, na kodi haikupunguzii kitu kwa ajili ya riba hiyo. Jenga vitatu kwa fedha yako, msingi wa sita ukiwa umeshamwagwa, halafu pango la vitatu lijenge vingine. Ukipangisha, kumbuka sheria ya 2022: pango haliongezwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji hatolewi bila amri ya mahakama.

Kiwanja changu kiko nje ya mita 200 lakini udongo ni majimaji. Choo cha shimo cha jirani hujaa kila masika. Nifanyeje? — Baba Musa, Kigungu

Baba Musa, chimba shimo la mita 2 mwezi wa Aprili au Novemba, liache usiku mmoja, asubuhi pima maji yamesimama wapi. Choo cha jirani hakijajaa kinyesi. Maji ya ardhini yameingia kutoka chini, na yakishuka yanaondoka na uchafu kuelekea kisimani. Kuongeza kina kunazidisha tatizo.

Jenga tangi la maji taka lililofungwa, lenye vyumba viwili. Kwa watu 16, urefu wa ndani mita 2.4, upana 1.2, kina cha maji 1.5, linabeba zaidi ya lita 4,000. Chumba cha kwanza kichukue theluthi mbili ya urefu. Sakafu iwe ya zege yenye nondo, na kuta zipigwe plasta pande zote mbili, la sivyo maji ya nje yataingia na kulijaza kwa wiki. Shimo la kunyonyea linafaa tu kama chini yake kunabaki walau mita 1.5 za udongo mkavu, na liwe mita 30 kutoka kisimani. Kama hesabu hiyo haitimii, inua shimo juu ya ardhi kwa kifusi cha changarawe, au liache tangi bila shimo na ulipie gari la kunyonya. Acha njia ya gari kufika. Wengi huijengea ukuta.

Kwa nyumba yenyewe, inua msingi sentimita 45 juu ya ardhi, na utandike karatasi ya kuzuia unyevu kwenye kuta zote, hata za ndani. Mchanga wa ufukweni upime kwanza: weka sentimita 10 kwenye chupa, ongeza maji, tikisa, iache saa tatu. Tope likikaa juu ya mchanga kwa unene unaozidi milimita 8, usilete lori hilo. Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo mabati hayatakuumiza kama ya Mombasa. Watakaokuumiza ni wadudu wa ziwa, wanaokuja kama moshi na kufuata taa usiku. Weka wavu wa matundu madogo kwenye madirisha, wa fremu inayotoka, kwa sababu asubuhi utakuwa umeziba kwa mizoga yao na utahitaji kuufuta kwa brashi.

Mimi ni Mtanzania, naishi Kampala. Naweza kununua ekari Kalangala? — Msomaji

Ndugu, kununua mailo au ardhi ya umilikaji kamili huwezi, hata ukiwa raia wa Afrika Mashariki. Unaweza kupata lizi, isiyozidi miaka 99, na ikiwa ya miaka 5 au zaidi lazima isajiliwe. Kampuni ambayo wageni wana sauti kubwa ndani yake inahesabiwa kuwa mgeni pia, kwa hiyo usikubali ushauri wa kupitia kampuni au jina la rafiki. Kalangala ni visiwani; huko uliza kwanza kama ekari hiyo haijaingia kwenye hifadhi ya msitu. Hati iliyotolewa ndani ya hifadhi inaweza kufutwa. Na ukipiga bei ya saruji, ipige ikiwa imeshashushwa kisiwani, kwenye gati la Luku au Lutoboka, si ikiwa bado Masaka au Entebbe.