Pedi ya Gemu Ikigoma Kuungana na Kompyuta, Soma Taa Yake Kwanza

Pedi isiyo na waya ikigoma kuungana na kompyuta, watu wengi huanza kuihangaisha kompyuta. Draiva zinapakuliwa mpaka bando linakata, wengine wanafikia hatua ya kupiga Windows upya, na pedi bado imenuna. Kabla hujagusa kipanya, itazame pedi yenyewe. Taa yake itakuambia tatizo liko upande gani: pedi haijaita, au imeita na kompyuta haisikii, au zimeshaungana zamani ila gemu ndiyo haiioni. Hayo ni matatizo matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

Tuanze na pedi ya PS4, maana ndiyo iliyojaa kuanzia Mwanjelwa ya Mbeya mpaka Miomboni ya Iringa. Ukibonyeza kitufe cha PS peke yake, pedi haitafuti kompyuta mpya. Inaita mashine iliyounganishwa nayo mara ya mwisho, kwa sababu kumbukumbu yake inabeba anwani ya mashine moja tu. Kwa hiyo pedi uliyonunua kwa mwenye kibanda cha gemu itaendelea kuita PS4 ya kibandani: taa inapepesa polepole, inachoka, inazima. Na kama kibanda chenyewe ni cha jirani, kila ukibonyeza unaiwasha PS4 ya watu.

Ili ikubali kompyuta mpya, izime kwanza kabisa. Shikilia kitufe cha PS kama sekunde 10 mpaka taa ife. Kisha shikilia Share, na bila kuiachia, shikilia na PS. Baada ya sekunde 3 hadi 5 taa itaanza kumulika harakaharaka, mara mbilimbili. Hapo ndipo pedi inajitangaza. Kwa pedi ya PS5 ni hivyohivyo, ila badala ya Share unashikilia Create, kile kitufe kidogo cha kushoto juu. Kosa linalorudiwa sana ni kutanguliza PS: pedi inawaka kwanza, inaanza kuita mashine yake ya zamani, na ukija kubonyeza Share umeshachelewa. Taa ikipepesa polepole, achia, izime, anza upya.

Ikikataa kabisa kumulika haraka, igeuze. Nyuma ya pedi ya PS4, karibu na skrubu iliyo upande wa L2, kuna tundu dogo. Kwenye pedi ya PS5 tundu hilo liko karibu na nembo ya Sony. Chukua pini ya kutolea laini ya simu, ingiza taratibu mpaka usikie kitufe kimebonyea, shikilia sekunde 5. Kama PS4 iko chumba hichohicho, iwe imezimwa wakati unafanya hivyo. Ujue pia kwamba siku utakapoichomeka tena pedi kwenye PS4 kwa waya, hata kama nia yako ni kuichaji tu, PS4 itaichukua na kompyuta itasahaulika. Anayetumia pedi moja kwa mashine mbili aichajie kwenye chaja ya kawaida ya simu.

Suala la chaji lenyewe linadanganya wengi. Pedi ya PS4 ikiwa imezimwa na inachajiwa, taa inawaka rangi ya chungwa, inapanda na kushuka taratibu. Usipoiona rangi hiyo, kuna kitu kati ya waya, tundu na betri. Betri yake ni ya 1000 mAh, ndogo kuliko ya simu nyingi za kisasa, na ikikaa miezi kwenye droo huwa imeisha kabisa; iache nusu saa kwenye umeme kabla ya kuihukumu. Waya nao usiuamini kwa sura. Nyaya nyingi za bei ya chini, hasa zile zinazokuja na pawabenki, zina nyuzi mbili za umeme tu, hazina zile mbili za data. Pedi itachaji vizuri lakini kompyuta haitajua kuna kitu kimechomekwa. Kipimo ni rahisi: chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya huohuo. Kama mafaili ya simu hayaonekani hata baada ya kuruhusu kwenye simu, waya huo ni wa chaji peke yake.

Pedi za Xbox zina fumbo lake, na hili linawagharimu watu pesa. Pedi ya mwanzo ya Xbox One, modeli 1537 ya mwaka 2013, na ile iliyofuata, 1697, hazina Bluetooth kabisa. Zinatumia mawasiliano ya Xbox yenyewe, na kwa kompyuta zinahitaji adapta maalumu ya Xbox au waya. Modeli 1708 iliyokuja mwaka 2016 na 1914 ya mwaka 2020 ndizo zenye Bluetooth. Namba hiyo imeandikwa kwenye kibandiko ndani ya chumba cha betri. Kama kibandiko kimebanduka, tazama plastiki inayozunguka kitufe chenye nembo ya Xbox. Ikiwa ni kipande cha juu kinachong'aa, kilichotengana na uso wa pedi, hiyo haina Bluetooth. Ikiwa ni plastiki ileile ya uso wa pedi, inayo. Muuzaji akikuambia "zote ni zilezile, kaka", mwombe afungue chumba cha betri.

Ya Bluetooth unaiwasha kwa kitufe cha Xbox, kisha unashikilia kile kitufe kidogo cha juu, karibu na tundu la USB, kwa sekunde 3. Nembo ikimulika haraka, inajitangaza. Ikimulika polepole, inatafuta mashine ya zamani. Modeli 1914 inakumbuka vitu viwili, mashine moja ya Xbox na kifaa kimoja cha Bluetooth, na unahama kati yake kwa kubonyeza kitufe hichohicho mara mbili. Kwa hiyo usifute kila kitu kabla hujajaribu hilo.

Kuhusu betri za AA za pedi hizi za Xbox: zile za bei ya chini za redio hazifai. Zinawasha pedi vizuri, lakini mota ya mtetemo ikianza kufanya kazi volti inaporomoka na pedi inakata. Kipupwe cha Juni na Julai kinaongeza tatizo, kwani betri yenye baridi hutoa umeme kwa shida zaidi. Pedi iliyolala dirishani usiku wa Njombe au Uyole inaweza kugoma alfajiri na kukubali mchana bila fundi kuigusa. Tumia alkalini au zile za kuchaji.

Sasa taa inamulika haraka na kompyuta haioni kitu. Hapo ndipo unahamia upande wa pili.

Swali la kwanza: kompyuta ina Bluetooth kweli? Laptopu nyingi za ofisini zilizotumika, zinazouzwa huku kwetu, ziliagizwa na ofisi zenyewe bila kadi ya Bluetooth. Bonyeza kulia kwenye kitufe cha Start, fungua Device Manager, tafuta kundi linaloitwa Bluetooth. Kama halipo, angalia kwanza kitufe cha kuzima mawasiliano kwenye kibodi, kile chenye alama ya ndege au mnara. Bado halipo? Basi zima kompyuta, chomoa umeme wake, shikilia kitufe cha kuwashia kama nusu dakika, washa. Chipu ya Bluetooth wakati mwingine huganda na hurudi kwa kunyimwa umeme tu. Baada ya hapo ndipo unafikiria draiva au kununua kidude cha Bluetooth cha USB.

Kundi likiwepo, fungua jina la adapta yenyewe, nenda kwenye Advanced, usome namba iliyoandikwa LMP, inayoonyesha toleo la Bluetooth. Sita ni Bluetooth 4.0, nane ni 4.2, tisa ni 5.0. Ukikuta nne au tano, hiyo ni 2.1 au 3.0: pedi ya PS4 inaweza kukubali, lakini Xbox modeli 1914 isahau, kwa sababu inategemea Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme iliyoanza na 4.0. Na pedi yoyote ya Xbox kwa Bluetooth inataka Windows 10 toleo la 1607 au la baadaye. Kwenye Windows 7 hakuna ujanja, tumia waya.

Njia ya kawaida kwenye Windows 11 ni Settings, Bluetooth & devices, Add device, kisha Bluetooth. Anza kutafuta wakati pedi inamulika, maana haimuliki milele. Ikizima, irudishe kwenye kujitangaza na urudie. Pedi ya PS4 itajitokeza kwa jina la Wireless Controller. Hapohapo ukifungua Devices na kushuka chini, kuna Bluetooth devices discovery ambayo imewekwa Default. Ibadilishe iwe Advanced, kwani hiyo ya kwanza huficha vifaa visivyo vya kawaida, na pedi za kuiga huwemo humo.

Kuna hali inayochosha kuliko zote: pedi imo kwenye orodha, imeandikwa Paired, na haiungani. Hiyo ni kumbukumbu iliyobaki ya muungano uliokufa. Kompyuta inadhani inaifahamu pedi, pedi yenyewe imeshaisahau. Ifute kwa Remove device. Kisha rudi Device Manager, View, Show hidden devices, uondoe kila Wireless Controller iliyofifia kijivu. Halafu bonyeza Restart. Usibonyeze Shut down, kwa sababu Windows ya siku hizi ikizimwa hivyo huhifadhi sehemu ya mfumo na kuirudisha ilivyokuwa, uchafu wake ukiwemo. Iweke pedi kwenye kujitangaza na uiunganishe kama mpya.

Ikiungana na kukata kila dakika chache, tafuta mambo mawili. Kwenye Device Manager fungua adapta ya Bluetooth, Power Management, utoe tiki kwenye kile kinachoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. La pili ni kelele ya redio. Bluetooth inafanya kazi kati ya 2402 na 2480 MHz, eneo lilelile la Wi-Fi ya 2.4 GHz, na mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo kwamba USB 3.0 inatoa kelele kwenye masafa hayohayo. Kidude cha Bluetooth kilichochomekwa tundu la bluu, yaani la USB 3.0, ubavuni mwa hadidiski ya nje, kinateseka. Kihamishie tundu la USB 2.0, au kitolewe mbali kidogo kwa waya wa kurefushia. Kompyuta ya mezani yenye Wi-Fi kwenye ubao wake mkuu (motherboard) ina zile antena mbili za kufunga nyuma. Zisipofungwa, Bluetooth itafika sentimita chache tu. Watu huziacha kwenye boksi wakidhani ni za Wi-Fi peke yake.

Pedi zinazokuja na risiva yake ya USB haziko kwenye habari hizi za Bluetooth. Usizitafute kwenye orodha, hazitatokea, labda kama zina modi ya Bluetooth pia. Risiva ikipotea, mara nyingi pedi imepotea nayo, kwa hiyo usinunue pedi ya namna hiyo iliyotumika bila risiva, hata ikiwa bei ya kutupa. Xbox 360 isiyo na waya ni ya kundi hili, na waya wake wa chaji haupitishi data. Risiva zake za kuiga mara nyingi huonekana kama Unknown device. Unaichagulia draiva kwa mkono: Update driver, Browse my computer, Let me pick, Xbox 360 Peripherals, kisha Xbox 360 Wireless Receiver for Windows. Pedi ya PS3 nayo haiungani kwa njia ya kawaida ya Bluetooth. Inahitaji draiva za DsHidMini na BthPS3, na nyingi zilizopo madukani ni za kuiga. Kwa maoni yetu haistahili usumbufu huo.

Ikishaungana, usikimbilie gemu. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika joy.cpl, Enter. Chagua pedi, Properties, bonyeza vitufe. Vikiwaka hapo, muungano ni mzima na lililobaki ni la gemu. Gemu nyingi za kompyuta zinaelewa lugha ya Xbox tu, yaani XInput, na pedi ya PS4 haiongei lugha hiyo. Kwa gemu za Steam, washa msaada wa pedi za PlayStation kwenye Settings, Controller. Kwa nyingine tumia programu ya DS4Windows, inayoifanya pedi ionekane kama ya Xbox. Vyote viwili visifanye kazi kwa pamoja, la sivyo kitufe kimoja kitahesabiwa mara mbili na mchezaji wako atapiga pasi mbili. PES za zamani zina faili la settings kwenye folda ya gemu ambamo unachagua pedi kabla ya kuingia.

Na wale wanaotaka kufungua kibanda kwa kompyuta moja na pedi nne: XInput inaishia pedi nne, hapo uko sawa, lakini adapta moja ya Bluetooth ikibeba zote nne za PS4 huanza kuchelewesha vitufe, na wachezaji watagombana. Unganisha mbili kwa Bluetooth na mbili kwa waya wenye data. Hizo za waya wape wanaokaa karibu na skrini.