Maswali na Majibu: Kuhesabu Mwewe Wanaohama

Majani yakianza kupukutika kaskazini mwa dunia, maswali ya ndege wawindaji hunijia kwa wingi. (Nikisema vuli hapa, nina maana ya majira hayo, si mvua.)

Mwewe wanazunguka kundi zima mahali pamoja, juu kabisa. Nitawahesabuje nisichanganyikiwe?

Wakizunguka, waache. Wageni wengi hukosea hapo, maana ndege yule yule humhesabu mara tatu. Mwewe hapendi kuchosha mabawa. Hutafuta mahali ardhi ilipopata joto na hewa inapanda, akaingia humo na kuzunguka mpaka hewa imfikishe juu. Ikiisha nguvu, kundi hufunguka: anatoka mmoja, wa pili, wa tatu, mabawa yametanda bila kutikisika, wanateleza kwa mstari kuelekea kusini. Hesabu mstari huo. Chagua kitu kisichosogea, tuseme ncha ya mti mkavu, na kila anayekipita, bonyeza kihesabio kwa kidole gumba. Wakizidi, hesabu kumi wa kwanza mmoja mmoja, jicho lizoee ukubwa wa kumi, kisha bonyeza mara moja kwa kila kumi.

Kwa nini hupita njia zile zile?

Maji. Juu ya bahari hewa ya kuwainua ni haba, kwa hiyo wanaifuata nchi kavu hadi mahali inapobanwa: Gibraltar kusini mwa Uhispania, Bosporus nchini Uturuki, Batumi nchini Georgia. Batumi, kati ya Bahari Nyeusi na milima, hupita zaidi ya milioni moja kila vuli, na wengi wao safari yao inaishia Afrika. Veracruz, Meksiko, ndiko kwenye mafuriko hasa: vuli nzuri huzidi milioni 4.

Nimekaa kilimani siku nzima, hakuna hata mmoja. Niandike nini?

Sifuri. Andika pia saa ulizokaa, upepo ulikotoka na mawingu yalivyokuwa. Najua inauma, lakini daftari lenye siku nzuri tupu ni daftari la majigambo.

Mfano ni Hawk Mountain, mlima ulioko Pennsylvania, Marekani. Watu walikuwa wakipanda mlima huo kuwapiga mwewe risasi, mpaka mwaka 1934 mtetezi wa ndege Rosalie Edge alipoukodi na kumweka Maurice Broun awe mlinzi. Broun akaanza kuhesabu, akitenga tai wachanga na wakubwa. Baadaye daftari hilo likaonyesha kwamba tai wachanga wenye kichwa cha kahawia wamepungua mno kuliko wazazi wao wenye kichwa cheupe, ishara kwamba tai hawazaliani ipasavyo. Mwandishi Rachel Carson aliutumia ushahidi huo katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu sumu za kuua wadudu, na mwaka 1972 Marekani ikapiga marufuku matumizi ya DDT, mojawapo ya sumu hizo, mashambani. Hakuna ambaye angeuona upungufu huo kama siku mbaya zingeachwa bila kuandikwa.

Darubini ya ukubwa gani?

Ya kukuza mara 8 au 10. Zaidi ya hapo mkono unatetemeka na picha nayo. Chukua na kofia.

Nitawatofautishaje wakiwa mbali?

Sahau rangi, tazama umbo. Kozi ana mabawa yaliyochongoka. Kipanga ana mabawa mafupi na mkia mrefu, hupiga mabawa mara chache kisha huteleza. Tai hutandaza mabawa bapa kama ubao. Tumbusi wa Amerika huyainua kama herufi V, akiyumbayumba kama mlevi. Ukishindwa, andika “hajatambuliwa”. Hata wazoefu huandika hivyo kila siku. Asiyeandika kamwe, mimi simwamini.

Siku ipi ni nzuri?

Ile inayofuata baada ya baridi kuingia na upepo kugeuka ukavuma kutoka kaskazini. Ila usitamani anga ya buluu tupu: ndege aliye juu sana humezwa na buluu hiyo, hata ukimtazama moja kwa moja. Omba mawingu meupe yaliyotawanyika. Pitisha darubini kwenye kingo zake polepole, na vile vidoti vyeusi vitaanza kujitokeza.