Barua kwa mwanangu: pesa ya Helb usiitume nyumbani

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Nakuru. Sote hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama pesa ya Helb, huo mkopo wa serikali wa wanafunzi wa vyuo, ikiingia unitumie shilingi 12,000 nimalizie karo ya mdogo wako, nawe ujikaze huko chuoni Maseno na itakayobaki mpaka semesta iishe. Umeniambia wenzako wengi wanafanya hivyo, na kwamba huwezi kula ukashiba ukijua sisi tumekwama.

Jibu langu ni hapana. Usitume hata thumni.

Nakujua, utadhani mama anajikaza tu. Kwa hiyo nakueleza hali ilivyo bila kukuficha. Baba yako hajapata kazi ya kudumu tangu kampuni ipunguze watu. Siku zinazopatikana anaenda kibarua cha mjengo upande wa Lanet. Mimi bado niko sokoni na viazi vyangu. Ushuru wa mafuta ulipopanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi wa Julai 2023, wenye malori wa Molo walipandisha nauli ya gunia, na hawajaishusha mpaka leo. Mteja wangu wa debe siku hizi ananunua kasuku, lile kopo dogo la kupimia. Wa kasuku anataka fungu la shilingi 50. Kuna mama mmoja huja jioni, huliangalia fungu midomo ikicheza kidogo, na najua anagawa: huyu kimoja, huyu kimoja, cha baba viwili. Huyo simpunjii, humwongeza kimoja bila kuombwa.

Lakini soko halijafa, na hatujalala njaa. Karo ya mdogo wako nimeenda kuizungumzia na mwalimu mkuu mwenyewe. Amekubali tulipe kidogo kidogo, na nikaomba aandike na kupiga muhuri. Zamu yangu ya kupokea pesa kwenye chama ni mwezi ujao. Jambo hilo lina wenyewe, nao ni mimi na baba yako.

Sasa hiyo pesa unayotaka kunitumia. Ni deni, mwanangu, na limeandikwa jina lako na nambari yako ya kitambulisho. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka. Ukimaliza chuo wanakupa mwaka mmoja, halafu wanaanza kudai, na ukikaa bila kulipa kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Nikilipia mdogo wako karo kwa pesa hiyo, nitakuwa namsomesha kwa mshahara ambao wewe hujaanza kupokea. Siwezi kukufanyia hivyo. Mzazi wa mtoto huyu ni mimi.

Na hebu piga hesabu. Semesta unapata 25,000 ya kujikimu. Ukinitumia 12,000, ukalipa hosteli, mwezi wa pili utakuwa na nini? Utaanza kunywa chai kavu, utaingia mikopo ya simu, Fuliza kisha M-Shwari. M-Shwari wanakata asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30 tu. Ile 4 ya Helb ni ya mwaka mzima. Yaani utakuwa umegawa pesa nafuu, halafu pengo lake ulizibe kwa pesa ghali. Baada ya hapo watu huhamia zile apu nyingine za mikopo. Kijana mmoja wa ploti yetu alichelewa kulipa, wakampigia simu mpaka mwalimu wake wa shule ya Jumapili. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza mkopeshaji kupigia watu walio kwenye simu yako kwa njia hiyo, lakini aibu ikishakupata kanuni haiifuti.

Ikiingia, lipa hosteli siku hiyo hiyo mpaka mwisho wa semesta na udai risiti. Nunua unga, mchele na maharagwe ya kutosha, upike pamoja na mwenzako wa chumba. Omena na mboga nenda soko la Luanda jioni, wauzaji wakianza kufunga. Hapo mimi ni mwalimu wako: chagua mama mmoja, umnunulie huyo huyo kila mara, umsalimie hata siku huna pesa. Atakuzoea, atakuongeza, na siku mbaya atakukopesha sukuma bila riba.

Salio la karo usilingoje mpaka wiki ya mtihani, ukose kuruhusiwa kufanya. Nenda ofisi ya fedha sasa hivi na barua, useme utalipa lini na kiasi gani. Uliza pia kwa mkuu wa wanafunzi kama kuna kazi ya kulipwa hapo chuoni. Mambo yakikaza kabisa, kuahirisha masomo kwa barua kunaruhusiwa na utarudi. Ninachokukataza ni kunyamaza na kupotea.

La mwisho ndilo kubwa. Ulipojaza fomu ya ufadhili, baba yako alikuwa na mshahara, ndiyo maana wakakuweka bendi ya tatu: serikali asilimia 50, mkopo 30, sisi 20. Hiyo 20 ilipangiwa nyumba ambayo si hii ya leo. Unaruhusiwa kukata rufaa, uombe wakupange upya. Barua ya baba yako ya kuachishwa kazi ninayo, na chifu ameshaniandikia ya kwake. Fomu ya basari ya kaunti nayo nimeipeleka. Kesho asubuhi nitaweka barua hizo mbili kwenye bahasha, nimpe dereva wa matatu ya Kisumu, atakupigia akifika stendi. Zipeleke saiba wazipige skani, uziweke kwenye potali ya ufadhili, na unitumie ujumbe ukishapata nambari ya rufaa.

Mama yako