Kondoo wana kupe lakini darubini haioni kitu: nilipie PCR?

Pole sana ndugu. Umesema kondoo wako wanne wamekonda, ufizi mweupe, kupe wamejaa masikioni, na darubini haikuona kitu. Hilo hutokea: vijidudu vikiwa vichache kwenye damu, darubini huvikosa. PCR, kipimo cha maabara, hunakili kipande cha DNA yao (chembe za urithi) mara nyingi mno hadi kionekane, na hutenganisha Anaplasma, Babesia na Theileria, vijidudu vya damu vinavyoletwa na kupe.

Ila kabla ya kulipa, pima kinyesi. Minyoo ya tumbo inayofyonza damu huleta weupe uleule, na kipimo chake ni rahisi zaidi.

Ukiamua PCR, toa damu kabla ya kuchoma dawa. Mimi nilianza na OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini), nikapima baadaye, majibu yakaniacha gizani. Tumia chupa yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande (kifuniko cha zambarau), andika namba ya kondoo, weka kwenye kibaridi chenye barafu, ifike maabara mapema.

Majibu chanya peke yake hayatoshi. Kondoo mzima anaweza kubeba Theileria ovis bila kuugua, kwa hiyo daktari wa mifugo alinganishe na dalili. Kondoo akikojoa mkojo mwekundu, au akianza kuzungukazunguka na kutetemeka, usisubiri maabara; mwite daktari siku hiyohiyo.